Nyumba Inayoanzia Kwenye Kisiki

Katika nyumba ya Ben Law hakuna nguzo iliyonyooka sawasawa, wala hakuna ukuta uliokwenda upande. Ukitazama juu ukiwa ndani, unaona miti mizima ya mviringo imeegemeana jozi kwa jozi hadi kwenye uti wa paa. Mmoja umenona shinani na kukonda kileleni, mwingine una kibyongo kidogo katikati, na vifundo vya matawi bado vinaonekana. Hata hivyo sakafu iko sawa, milango inafunga, na mvua inashuka upande inakotakiwa kushuka. Fundi yeyote aliyewahi kujaribu kuunganisha magogo mawili ya mviringo anajua kwamba jambo hilo haliji kwa bahati.

Nyumba hiyo iko Prickly Nut Woods, msitu ulio karibu na kijiji cha Lodsworth, West Sussex, kusini mwa Uingereza. Law ni mtu wa kazi za msituni. Alihamia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaishi miaka mingi katika mabanda ya turubai na karavani huku akitengeneza uzio, mkaa na samani. Sheria za mipango miji na vijiji za Uingereza hazimruhusu mtu kuibuka tu na kujenga makazi katikati ya msitu, hata kama msitu ni wake. Law alipata kibali baada ya kuthibitisha kwamba riziki yake inatoka kwenye miti hiyo na kwamba kazi yake inamtaka alale palepale. Kibali kikafungamanishwa na kazi hiyo. Mwaka 2003 kipindi cha Grand Designs cha Channel 4, kinachoongozwa na Kevin McCloud, kilionyesha ujenzi huo tangu mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umegharimu pauni 28,000 hivi, fedha ambazo kusini mwa Uingereza hazinunui hata chumba kimoja. Watazamaji walikipenda mno kipindi kile, na hadi leo kinatajwa miongoni mwa vilivyovutia zaidi. Wengi waliipenda sura ya nyumba. Mimi ninayoistaajabia ni hesabu iliyo nyuma ya sura hiyo.

Ukitaka kuielewa hesabu hiyo, anza na mambo ambayo hayakufanyika. Mbao za kawaida za ujenzi hupita safari ndefu. Mti huangushwa, hupakiwa kwenye lori, hupasuliwa kiwandani mpaka mviringo uwe mraba, huingizwa kwenye tanuri la kukaushia, hutiwa dawa, hupigwa randa, kisha husafirishwa tena hadi dukani na kutoka dukani hadi kiwanjani. Kila kituo kinakula umeme au dizeli. Kwa fremu ya nyumba yake, Law aliviruka karibu vituo vyote. Mti ulitoka kwenye kisiki, ukamenywa gome, ukavutwa hadi kiwanjani, ukawa nguzo.

Lakini kituo kikirukwa, kazi yake haipotei. Inahamia kwenye macho na mikono ya fundi. Kiwanda kikinyoosha mti, seremala hana haja ya kujua kuuchagua mti ulionyooka. Tanuri likiukausha, hana haja ya kujua utasinyaa kuelekea wapi. Nyumba inayotumia nishati kidogo kwa namna hii inadai ujuzi mwingi, na ujuzi huo ndio unaostahili kutazamwa polepole.

Kazi inaanzia chini kabisa, kwenye kisiki. Law hutunza msitu wake kwa njia ya kale sana huko Ulaya. Mti hukatwa karibu na ardhi wakati wa baridi, majani yakiwa yamekwisha kupukutika na utomvu umetulia. Joto likirudi, kisiki kinatoa machipukizi mengi kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa yana mizizi ya mti mzima chini yake, machipukizi hayo hukua kwa kasi ambayo mche wa mbegu hauifikii. Na kwa kuwa yamebanana na yanagombea mwanga, hupanda wima na kutoa matawi machache. Wakulima wetu wanaifahamu tabia hiyo kwa mikaratusi, miarobaini na misaji, ambayo nayo haifi kwa kukatwa mara moja. Yakikaa miaka michache, machipukizi yanatoa fimbo za bustanini. Yakikaa miaka kumi na kitu yanatoa miti ya uzio, na yakiachwa zaidi yanatoa nguzo za nyumba. Kisha shoka linarudi, na kisiki kinaanza upya. Visiki vilivyotunzwa hivi huishi muda mrefu kuliko mti ulioachwa uzeeke wenyewe, na vipo ambavyo vimekatwa na kuchipua kwa mamia ya miaka.

Msitu wenyewe hugawanywa vipande, na kila msimu wa baridi hukatwa kipande kimoja. Kwa hiyo wakati wowote kuna sehemu iliyo wazi, sehemu ya vichaka, na sehemu iliyofunga kivuli. Pale palipokatwa jua hufika ardhini, na mbegu za maua zilizolala miaka mingi huamka. Vipepeo hufuata maua, na ndege waimbaji hupanga vichaka vinapofikia kimo wanachokitaka. Katika karne ya 20 misitu mingi ya aina hii iliachwa baada ya soko la mkaa na fito kudorora, ikafunga kivuli, na viumbe waliotegemea mwanga wakapungua. Ndiyo maana ukataji wa Law ni sehemu ya uhai wa msitu. Nyumba yake imejengwa kwa mazao ya kazi ambayo ingepasa kufanyika hata kama nyumba isingekuwapo.

Mti wenyewe ni chestinati, ambao wataalamu wa mimea huuita Castanea sativa. Kusini mashariki mwa Uingereza ulipandwa kwa wingi katika karne ya 19 ili utoe fito za kutambazia hopsi, mmea unaotiwa kwenye bia. Sifa yake moja inamfaa mjenzi kupita zote: unawahi kufanya kiini. Katika miti mingi, mwaloni ukiwa mmojawapo, mti mchanga unakuwa na tabaka nene la mbao changa pembeni, laini na tamu kwa wadudu, na kiini kigumu kinabaki kidogo katikati. Nguzo changa ya mwaloni ikiwekwa nje huoza upesi. Chestinati hujenga kiini tangu ingali na miaka michache, na tabaka changa linabaki jembamba kama kanda. Kiini hicho kimejaa tanini, kemikali ileile inayotumika kutengeneza ngozi, nayo huzuia kuvu na wadudu bila fundi kupaka dawa yoyote. Tanini ina gharama yake. Ikikutana na chuma cha kawaida palipo na unyevu, mti hutoka madoa meusi na msumari huliwa. Kwa hiyo mahali panapohitaji chuma, fundi hutumia chuma kisichoshika kutu, na mahali pengine hutumia misumari ya mti.

Baada ya kumjua mti, fundi huenda kuchagua. Hapa ndipo uchoraji wa ramani unapofanyika hasa, mtu akiwa amesimama kati ya miti na uzi wa kupimia mkononi. Nyumba ya Law inasimama juu ya fremu za umbo la herufi A, kila moja ikiwa na miti miwili mirefu inayoanzia karibu na ardhi na kukutana juu kileleni. Ni mtindo wa Enzi za Kati. Mafundi wa Kiingereza wa wakati huo walitafuta mti mmoja wenye mkunjo, wakaupasua katikati kwa urefu, wakapata mapacha wawili waliopinda sawasawa. Ghala na nyumba walizojenga hivyo bado zimesimama katika vijiji vingi. Law aliutumia mtindo huo kwa miti ya mviringo isiyopasuliwa. Alichotafuta msituni ni jozi: huu una mkunjo wake kwenye mita ya tatu, je, upo mwenzake? Ule ni mnene kuliko wenzake, basi utafaa fremu ya katikati inayobeba mzigo mkubwa. Mti wenye panda hauachwi, kwa sababu panda ni kiungo ambacho mti umekwisha kujitengenezea.

Mviringo una faida ambayo msumeno huiondoa. Mti uliosimama miaka 25 kwenye upepo umejipanga kupambana na upepo, na nyuzi zake za nje, zinazobeba nguvu nyingi wakati wa kupinda, zinakwenda mfululizo toka shina hadi kilele na kukizunguka kila kifundo bila kukatika. Msumeno unapoutafuta mraba hukata nyuzi hizo, na kifundo kilichokuwa kimezungukwa kinakuwa tundu la udhaifu ukingoni. Wahandisi waliliona hilo huko Hooke Park, Dorset, ambako katika miaka ya 1980 mbunifu wa samani John Makepeace alianzisha chuo msituni. Frei Otto wa Ujerumani na wahandisi wa Buro Happold wakasaidia kusanifu majengo ya hapo kwa miti myembamba, ile inayopunguzwa shambani ili mingine inenepe, na ambayo kwa kawaida huishia kuwa kuni. Ilionekana kwamba mti mwembamba uliomenywa tu unaweza kubeba paa pana, mradi mtu ajue kuuunga.

Na kuunga ndiko kwenye kazi. Mbao ya mraba ina pande nne na kingo nne, na seremala huweka mraba wake pembeni, akapiga mstari, akakata. Mti wa mviringo hauna ukingo wa kupimia. Unakonda kadiri unavyokwenda na unapinda utakavyo. Fundi hulazimika kuuwekea mstari ambao haupo. Huulaza mti juu ya magogo mawili na kuuzungusha mpaka mkunjo wake uelekee anakotaka, kisha huukaza kwa vyuma vya kubania ili usicheze. Hushusha timazi kwenye kila kichwa cha mti na kuchora mstari wima unaopita katikati ya kiini, halafu hupiga uzi wa chaki kutoka kichwa hadi kichwa. Tangu hapo gome na uvimbe havina neno tena, kila kipimo kinatoka kwenye mstari ule.

Mti wa pili hulazwa juu ya wa kwanza mahali utakapokaa. Timazi inashuka tena, na bikari iliyofunguliwa kwa upana mmoja usiobadilika inauzunguka mwili wa mti wa chini, mguu mmoja ukifuata umbo lake na mwingine ukilichora umbo hilo kwenye mti wa juu. Fundi huondoa mti wa juu, akachonga kwa patasi na tezo hadi mstarini, akaurudisha. Ukipitisha mwanga nyuma ya kiungo unaona palipobaki uwazi. Anaunyanyua tena, anaondoa kipande chembamba kama ukucha, anaurudisha. Siku ikiisha, pengine viungo viwili vimekamilika. Kwenye nyumba ya kawaida muda huo unatosha kusimamisha ukuta mzima wa mbao za dukani.

Tena yote hayo yanafanyika mti ukiwa mbichi. Samaki mkunje angali mbichi, na chestinati vivyo hivyo: ikiwa na maji mwilini hukubali patasi, ikikauka hugeuka kuwa ngumu na hupasuka ovyo. Shida ni kwamba mti mbichi utakauka ndani ya nyumba iliyokwisha kusimama, nao utasinyaa, zaidi kwa unene na kidogo sana kwa urefu. Fundi asiyelijua hilo atapata viungo vilivyolegea baada ya mwaka. Anayelijua hufanya kiungo kikaze chenyewe, na namna anavyofanya ni nzuri kuitazama. Mti mmoja huchongwa ulimi, mwingine hutobolewa tundu la kuupokea. Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwenye mti wa nje. Ulimi huingizwa, ncha ya keekee hupitishwa tu ili iweke alama, kisha ulimi huchomolewa na kutobolewa milimita chache pembeni ya alama ile, kuelekea kwenye mabega yake. Sasa matundu hayalingani. Msumari wa mwaloni mkavu, uliopasuliwa kwa mkono kufuata nyuzi na kuchongwa ncha, unapopigiliwa hulazimika kujipinda ndani, na katika kujipinda huuvuta ulimi ndani ya tundu mpaka mabega yanalia. Miti ikisinyaa, ule mvuto unaendelea kuvuta. Kosa dogo la makusudi katika kutoboa linashika nyumba kwa vizazi, bila gundi wala bolti.

Fremu hukamilishwa chini, zote juu ya kitanda kimoja cha kupimia ili zilingane, kisha husimamishwa moja moja kwa winchi ya mkono na kamba za kuzuia, watu wakiwa wamejipanga kila pembe. Miguu yake haizikwi kwenye zege, hukaa juu ya mawe mapana. Jiwe halifyonzi maji kama udongo, na siku nguzo ikiharibika inaweza kuonekana na kubadilishwa.

Paani kuna vigae vya mti, maelfu kwa maelfu, vyote vya chestinati. Hapa msumeno ungeweza kurahisisha kazi, na hapa pia umeachwa kwa sababu. Kipande kifupi cha gogo husimamishwa wima. Fundi huweka juu yake bapa la chuma ambalo mpini wake umesimama kwenye ncha moja, hulipiga kwa rungu mpaka lizame, kisha huuvuta mpini kama anayefungua mlango mzito. Mti unalia, ufa unakimbia kufuata nyuzi, na ubao mwembamba unabanduka. Ukipapasa uso wake unasikia mikunjo midogo inayokwenda urefu wote, maana ufa umepita kati ya nyuzi bila kuzikata. Msumeno ungezikata na kuziacha midomo wazi kama mirija ya kunywea maji. Kigae kilichopasuliwa kwa mkono humwaga mvua juu ya nyuzi zilizofunga. Kikipigiliwa kwa kupandana na wenzake hudumu miongo kadhaa, kikipauka taratibu kutoka rangi ya asali hadi kijivu. Na nishati iliyokitengeneza ni chakula alichokula fundi asubuhi.

Kuta ni za marobota ya mabua. Ni ujenzi uliozaliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Nebraska, Marekani, ambako walowezi walikuwa na nyasi tele na miti haba, wakajikuta wanapanga marobota kama matofali. Robota lina unene wa sentimita 45 hivi, na hewa iliyonaswa ndani ya mabua hailipi joto njia. Ukuta kama huo hupitisha joto takriban moja ya kumi ya lile linalopita kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa sentimita 23, tena umetokana na kitu ambacho mkulima angekilaza chini ya mifugo. Adui yake ni unyevu, na msitu una unyevu mwingi. Mabua yakibaki na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi kwa muda mrefu, ukungu huingia. Wajenzi wa kuta za udongo huko Uingereza wana msemo kwamba nyumba inataka kofia nzuri na buti nzuri. Law aliyafuata yote mawili: paa lake limetoka nje mbali na kuta, na marobota yameinuliwa juu ya ardhi. Kuta zikakandikwa kwa udongo na chokaa, ambavyo huuruhusu mvuke kupita na kutoka. Simenti ingeufungia unyevu ndani, na kuta zikaoza zikiwa zinaonekana imara.

Mtu aliyejenga kuta namna hiyo hahitaji moto mkubwa. Jiko la kuni linatosha, na kuni zenyewe ni vichwa na matawi yaliyobaki baada ya nguzo na uzio kuchaguliwa. Umeme unatoka kwenye paneli za jua na kinu kidogo cha upepo, na kuhifadhiwa kwenye betri. Uwazi ulioachwa msituni umepangwa kufuata mwendo wa jua. Huko kaskazini mwa dunia jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na wakati wa baridi huwa chini sana. Madirisha yanayotazama kusini hulipokea, na miti inayopukutisha majani haiyazuii. Kiangazi majani yakirudi, miti ileile inakuwa pazia. Hakuna mtambo wa kulifungua wala kulifunga.

Iko njia nyingine ya kufikia nyumba isiyotumia nishati nyingi, nayo ina heshima yake. Mwaka 1991, mjini Darmstadt, Ujerumani, mwanafizikia Wolfgang Feist, aliyekuwa ameanza kuchora wazo hilo pamoja na Bo Adamson wa Sweden, alikamilisha nyumba ambazo zilikuja kuwa kipimo cha dunia. Nyumba ya mtindo huo hairuhusiwi kutumia zaidi ya kilowati-saa 15 za joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Mianya yote huzibwa, madirisha huwa na vioo vya tabaka tatu, na mtambo wa hewa hurudisha joto la hewa chafu kabla haijatoka. Ni hesabu safi, na dunia inaihitaji. Lakini hesabu hiyo inaanza siku familia inapohamia. Ya Law inaanza siku mti unapokatwa. Kadiri nyumba zinavyozidi kubana matumizi ya kila siku, ndivyo nishati iliyotumika kutengeneza simenti, chuma na vioo vyake inavyozidi kuwa sehemu kubwa ya deni. Ndiyo maana hata wahandisi wanaopima kwa kompyuta sasa hurudi kutazama miti iliyomenywa tu.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, nyumba iliyokubali kipimo cha mti wake haina ugeni. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita tatu, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mikoko inaweza kubeba dari la mawe na chokaa. Mchoraji hakuamua upana wa chumba, mkoko ndio ulioamua. Boriti zilizotoka Lamu na delta ya Rufiji zilivuka bahari kwa majahazi hadi Omani na Ghuba, na vyumba vya huko vikachukua upana uleule. Hata ile tanini inayoilinda chestinati imejaa kwenye magome ya mikoko, yaliyouzwa zamani kwa watengeneza ngozi.

Lakini hapohapo pana tofauti inayompasa mjenzi aijue. Mchu, mti mmojawapo wa msitu wa mikoko, ukikatwa huchipua. Mkoko wenyewe, ambao ndio boriti hasa, kwa kawaida ukikatwa kisiki chake hakichipui, na lazima usubiriwe mche mpya uanguke na ushike matope. Wakata boriti wa zamani waliochagua mti hapa na mti pale waliweza kurudi. Waliofyeka eneo zima waliacha tope tupu. Mtu akiipenda nyumba ya Law kwa sura yake, akaenda kukata miti mizima mahali ambapo visiki havichipui, atakuwa amechukua umbo na kuiacha hesabu.

Nyumba hii ina mipaka mingine pia. Msitu mmoja hauwezi kulisha mji, na si kila mtu ana miaka ya kukaa kwenye turubai akisubiri kibali huku akijifunza tabia za miti. West Sussex haina mchwa. Nguzo mbichi ya chestinati iliyotulia juu ya jiwe huko, ingekuwa karamu ikisimamishwa Morogoro. Mabua ya ngano hayapatikani kila mahali, na katika joto la pwani mtu anatafuta upepo upite kuliko joto libaki. Hakuna hata kipande kimoja cha nyumba hii kinachoweza kuhamishwa kama kilivyo.

Kinachohamishika ni mpangilio wa maswali. Kwa kawaida mchoro hutangulia, kisha orodha ya vifaa, kisha gari la kuvileta. Law alianza na kilichopo na tabia yake, akauliza mikono ya mtu inaweza kukifanya nini bila kukibadilisha sana, halafu ndipo akachora. Kwetu, mirunda ya mikaratusi hushikilia zege la ghorofa kwa wiki chache, ikazungushwa jengo hadi jengo, kisha ikaishia jikoni. Misindano myembamba inayopunguzwa mashambani huthaminiwa kwa bei ya kuni. Wachache huitazama kama nguzo ya nyumba, kwa kuwa tumezoea kwamba mti haujawa kifaa mpaka upite kiwandani. Anayetaka kujenga kwa miti hiyo Mufindi au Lushoto hana haja ya ramani ya Law. Ana haja ya kujua kisiki kipi kitachipua, mti upi mchwa wanauacha na upi utahitaji kinga, na fundi yupi bado anaweza kuunga mviringo kwa mviringo akiwa na timazi na patasi. Akiyapata majibu hayo, nusu ya ramani yake itakuwa imekwisha kuchorwa.